Mtama wa Shamba la Nyuma

Siku alipoletwa kwa mumewe, alishuka garini akiwa ameikumbatia cherehani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na watu walipotaka kumpokea alikataa. Tangu siku hiyo sisi majirani tukamwita Fundi. Jina lake halisi wanalijua wazazi wake na aliyemfungisha ndoa. Huku kwetu hata ukilitaja, watu watakuuliza unamsema nani.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuja na kuondoka. Kwa hiyo Fundi hakuolewa na mume peke yake. Aliolewa na nyumba, na katika nyumba ile mwenye kauli alikuwa mama mkwe. Mama huyo tulimwita Bi Ndoo, kwa sababu hakutoka kwake bila ndoo mkononi. Hata msibani alikuja nayo. Ukimuuliza ya nini, alikujibu, "Mtu hajui njiani atakutana na nini." Na kweli, mara nyingi alirudi na kitu: maji, pumba, kuni, na siku moja paka.

Alikuwa mjane tangu ujana, na ng'ombe wa maziwa ndio waliomsaidia kumlea mtoto wake wa pekee. Banda lake lilikuwa nyuma ya jiko, la sakafu ya saruji yenye mteremko ili mkojo utiririke, na hori refu la mbao ambalo kingo zake zilikuwa zimelainika kwa shingo za ng'ombe. Hawakuwa wengi, lakini kila mmoja alikuwa na jina na heshima yake. Kulikuwa na Waziri, asiyesogea mpaka abembelezwe. Kulikuwa na mtamba mmoja mkorofi, bado hajazaa, ambaye jina lake lilibadilika kulingana na kosa la siku hiyo. Na kulikuwa na Arusi, mweupe usoni, mwenye mwendo wa taratibu, ambaye mama yake alikufa akimzaa. Bi Ndoo alimkuza kwa chupa, akimlaza kichwa pajani. Alipokuwa mkubwa, Arusi bado alikuja kumwekea kidevu begani akiwa anafagia.

Fundi aliwaogopa wote. Alikulia katika vyumba vya kupanga, ambako mnyama mkubwa aliyemjua ni mbuzi wa mwenye nyumba. Alipita kando ya banda kiubavuubavu, kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Bi Ndoo hakumcheka mbele yake. Alikuja kumchekea kwetu.

Kilichowakutanisha wawili hao ni utelezi. Asubuhi moja Bi Ndoo aliteleza bandani akavunjika mkono. Sasa, ng'ombe hajui habari za mgonjwa. Kiwele kikijaa kimejaa. Fundi akaingia, akakaa kwenye kigoda, na mama mkwe akasimama nyuma yake, mkono umefungwa plasta, akimwelekeza.

"Usivute. Minya, anza juu ushuke chini. Unakamua, hung'oi."

Jasho lilimtoka kwa wingi, maziwa yakatoka uzi mwembamba. Lakini mikono iliyozoea cherehani ina subira. Mkono wa Bi Ndoo ulipopona, alirudi bandani akamkuta mkaza mwanawe keshakamata kazi, akamwachia. Hakumsifu. Alisema tu, "Sasa unaweza kukaa na watu."

Wakaishi hivyo miaka kadhaa, kwa adabu. Sisemi kwa mapenzi, nasema kwa adabu.

Shamba lao lilikuwa vipande viwili, la mbele lililopakana na barabara, na la nyuma lililoshuka mpaka bondeni. Yote mawili yalipandwa mahindi, tena si ya kuliwa na watu. Mahindi yakianza kukomaa yalikatwa yakiwa bado mabichi, mabua, majani na mahindi yenyewe, yakapitishwa kwenye mashine ya kukata majani, yakamwagwa shimoni, yakashindiliwa kwa miguu mpaka hewa ikatoka yote, kisha yakafunikwa kwa nailoni nzito na udongo juu. Hiyo ndiyo sileji. Ukiifunua baada ya muda, inanukia uchachu mtamu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na ng'ombe huifuata mate yakiwadondoka. Ukiwa na shimo lililojaa sileji, kiangazi unakitazama usoni bila kukwepesha macho. Bi Ndoo alikuwa akipita juu ya shimo lake lililofunikwa, analikanyaga taratibu, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha kitu chake bado kipo.

Kisha mvua zikaharibika. Msimu mmoja zilichelewa. Uliofuata zilikuja vizuri, mahindi yakainuka, watu wakaanza kusalimiana kwa bashasha, na yalipotoa maua tu zikakatika. Majani yalijikunja, yakageuka rangi ya karatasi, na yaliyovunwa hayakujaza hata nusu ya shimo. Arusi akaanza kuonyesha mbavu. Maziwa yaliyokuwa yakijaza ndoo yakawa yanafunika kitako chake tu. Mimi, niliyekuwa nikienda na chupa yangu kila asubuhi, nikaanza kurudi nayo tupu, huku Fundi akiniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeifunga mvua.

Wakati huo ndipo alipokwenda kwenye mkutano wa ushirika wa maziwa. Nilikwenda naye. Alikuwepo mtaalamu wa malisho, mama mmoja mrefu aliyevaa mabuti ya mpira, na hakutuhutubia sana, alitupeleka shambani. Upande mmoja mahindi, upande mwingine mtama, jua lao moja na mvua yao moja. Mahindi yalikuwa yamekata tamaa. Mtama ulikuwa umesimama, mrefu kutupita, majani mapana yenye mshipa wa rangi ya kahawia katikati. Alituambia mbegu hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya mifugo, na kwamba mshipa wa namna hiyo ni dalili ya bua laini, rahisi tumboni.

"Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa maua, yamekwisha," alisema. "Mtama hulala. Mvua ikirudi, huamka. Na ukiukata unachipua tena, unavuna mara ya pili. Lakini msije mkasema nimewaletea miujiza. Nguvu iliyomo kwenye mahindi mazuri ni kubwa zaidi, kwa hiyo mtama mtauongezea pumba, la sivyo maziwa yatapungua. Na jambo moja msilisahau. Mtama mchanga una sumu, hasa ule unaochipua baada ya kukatwa, au baada ya ukame. Ukiwa bado chini ya kiuno, usimpe mnyama, hata kama analia njaa. Ukikua, sumu inapungua."

Fundi alisikia kila neno. Nililiona hilo kwa macho yangu, maana alikuwa akitikisa kichwa na kujipima kiuno kwa kiganja, kama anayempima mteja.

Tulipofika nyumbani, Bi Ndoo alikuwa uani anaosha vyombo vya maziwa.

"Mama, nimefikiri tupande mtama."

"Wa kuku?"

"Wa ng'ombe. Wa sileji."

Bi Ndoo aliendelea kusugua, kisha akaacha. "Mtama," alisema, kama mtu anayerudia jina la mtu aliyemkosea.

"Ndiyo, mama. Unavumilia jua. Tumeuona leo, hata—"

"Unajua mimi nimelelewa na nini? Asubuhi mtama, jioni mtama, na siku ambayo haukuwepo, tulilala. Nilipopata shamba langu mwenyewe niliapa. Nyumba hii ilitoka kwenye mtama ikafika kwenye mahindi. Leo unataka kuirudisha?"

"Si sisi tutakaoula, mama."

"Watakaopita barabarani watajua ni nani anayeula? Watasema kwa Bi Ndoo kumeingia njaa."

Dereva akapigiwa simu aamue. Alimsikiliza mkewe, akasema ana hoja. Akamsikiliza mama yake, akasema naye ana hoja. Alipoambiwa basi achague, mtandao ukakatika.

Mwishowe Bi Ndoo aliamua mwenyewe. "Chukua la nyuma. La mbele ni la mahindi. Lakini hicho kitu chako nisikione, nisikisikie, na usije ukanieleza habari zake. Mimi na mtama tulimalizana zamani."

"Sawa, mama," Fundi akajibu.

Toka hapo mtama ukawa hauna jina katika nyumba ile. Uliitwa "kile kitu," na mara nyingi haukuitwa kabisa. Fundi alikwenda shamba la nyuma kwa njia ya nje ili asipite mbele ya mlango wa mama mkwe na mbegu mkononi.

Walikuwepo wa kumdhihaki. Jirani wa upande wa chini, tuliyemwita Bwana Kumbe kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuanza sentensi, alisimama kwenye mpaka akapaza sauti, "Kumbe siku hizi unafuga ndege, Fundi!"

"Ndiyo," akamjibu bila kuinua kichwa. "Wakianza kutoa maziwa nitakuita."

Mvua za msimu ule zilikuja kibahili. Mahindi ya shamba la mbele yalifika magotini yakasimama hapo hapo. Mtama nao ulifika mahali ukasita, majani yakajisokota, na kwa muda mrefu haukuongeza hata kidole. Siku hizo nilimwona Fundi mara kadhaa amekaa mwisho wa tuta, mikono kwenye magoti. Alikuwa amejiwekea dau mbele ya mama mkwe, na dau lenyewe lilikuwa linanyauka. Nilipomuuliza kama anaumwa, alisema, "Naona haya tu."

Kisha zikadondoka mvua mbili, si kubwa. Mahindi hayakuwa na habari nazo. Mtama ukafunua majani. Baada ya siku chache ulikuwa umetupita kiuno, ukatupita bega, ukafunga shamba zima likawa kijani kizito, jambo ambalo macho yetu yalikuwa yamelisahau. Fundi akawa anaubonyeza punje kwa ukucha kila jioni. Zikitoa maji meupe, bado. Zikishakuwa ngumu kama kokoto, umechelewa, maana zitampita ng'ombe tumboni kama zilivyoingia. Alingoja mpaka punje ilipominyika kama donge la unga, akaita mashine.

Majirani tulikuja kushindilia. Tulikanyaga lile shimo tukiimba na kuteleza, mpaka Bwana Kumbe mwenyewe akavua viatu akaingia. "Kumbe ni raha," alisema. Bi Ndoo siku hiyo alikaa upande wa mbele ametugeuzia mgongo, anapepeta pumba ambazo hazikuhitaji kupepetwa.

Shimo lilipofunguliwa, Waziri alinusa, akapumua kwa nguvu, akamtazama Fundi kama mheshimiwa aliyeletewa chai baridi. Fundi hakumlazimisha. Alichanganya kidogo kidogo na mabaki ya sileji ya mahindi, akiongeza siku hadi siku, na pumba juu yake. Maziwa hayakufurika, nisiseme uongo. Hayakufikia yale ya miaka ya mahindi mema. Lakini yalirudi, na yalikaa. Arusi akafunika mbavu zake. Chupa yangu ikajaa tena.

Bi Ndoo naye, sileji ilipomwagwa horini, alianza kuchelewachelewa pale. Alikuwa akichota konzi moja, anainusa, anairudisha, kisha anapangusa mkono kwenye khanga haraka. Asubuhi moja nilimkuta amemshika Arusi pembe, anamwambia kwa sauti ya chini, "Kula, binti yangu. Ugomvi ni wangu, si wako."

Nilimnong'oneza Fundi. Akatabasamu. "Tumwache. Akija, atakuja mwenyewe."

Na alikuja mwenyewe. Ila hatukujua angechagua siku gani.

Mtama ukikatwa haufi. Baada ya mavuno ilipita mvua moja ya bahati, kisha jua likarudi kwa ghadhabu. Kwenye yale mashina yaliyobaki yakachipua machipukizi mapya, laini, ya kijani kinachong'aa, yakafika magotini wakati kilima kizima kilikuwa na rangi ya gunia kuukuu. Fundi aliyaacha yakue kwa ajili ya mavuno ya pili. Hakumwambia mtu kwa nini, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na aliyepaswa kuuliza alikuwa ameapa kutosikia.

Siku moja Fundi alikuwa ameshona sare za watoto wa shule akazipeleka mjini. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilimwona Bi Ndoo anapita na mundu na ndoo yake, anashuka shamba la nyuma. Nilijisemea, leo kuna jambo, nikatabasamu mwenyewe nyuma ya shuka. Alirudi ndoo imefurika majani mabichi, anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba kwa miaka, na wimbo ule ukanisahaulisha neno la mtaalamu kuhusu sumu.

Haukupita muda nikasikia ukelele.

Nilimkuta Arusi amesimama miguu imeachana, mdomo wazi, anahema kama aliyekimbizwa kupanda kilima, povu linamtoka. Kisha magoti yakamkunjika. Bi Ndoo alikuwa amemkumbatia kichwa akimwita jina, mara kwa ukali, mara kwa kumbembeleza. Nikampigia simu daktari wa mifugo. Alifika na pikipiki akaingia bandani akiwa bado na kofia ngumu kichwani, lakini Arusi alikuwa amekwisha kutulia, hapumui tena. Daktari alimfunua mdomo, akaona ufizi mwekundu kupita kawaida. Akaenda horini, akaokota jani moja, akalitazama kidogo tu.

"Nani mwingine amekula?"

Waziri alikuwa ameanza kutetemeka. Daktari alimchoma sindano kwenye mshipa wa shingo, taratibu sana, akimpima pumzi kwa jicho, na sote tukawa tunapumua pamoja na ng'ombe yule. Aliyumba, akaegemea ukuta, akabaki amesimama. Hapo ndipo Fundi alipotokea mlangoni na mfuko wake wa nyuzi mkononi.

"Nani aliyeukata huu mtama?" daktari aliuliza.

Bi Ndoo alifungua mdomo, Fundi akamtangulia. "Kosa ni langu, daktari. Mtama ni wangu, na habari ya sumu niliijua."

"Siulizi kosa la nani, dada. Nataka kujua walikula kiasi gani."

"Ndoo," Bi Ndoo akasema. "Ndoo nzima. Huyu Waziri alinipigia kelele nikampa kidogo. Karibu yote nilimpa huyu." Akamwekea Arusi kiganja shingoni. "Nilimpendelea."

Daktari alivua kofia yake.

Arusi alizikwa bondeni, maana daktari alisema nyama isiliwe. Baada ya hapo Bi Ndoo hakukanyaga bandani. Alikaa chumbani kwake, mlango wazi, mikono mapajani. Chakula kiliingia kikatoka. Fundi alikamua, akalisha, akafagia, akapika, na kila alipopita mbele ya mlango ule aliongeza mwendo. Walikuwa hawaongei, na si kwa hasira. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Dereva alikuja, akakaa siku mbili katikati ya ukimya ule. Mtu wa injini, akajaribu kuwapatanisha kwa kununua soda. Walizinywa, wakamshukuru, wakanyamaza. Akaondoka na lori lake, kichwa kinamuuma.

Yaliyofuata alinisimulia Fundi mwenyewe. Alisema jioni moja aliingia chumbani kwa mama mkwe bila kubisha hodi, kwa sababu alijua akibisha atageuka arudi.

"Mama, nimeamua. Nang'oa mtama wote."

Bi Ndoo hakuinua macho. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisikueleze."

"Nilisema. Na wewe ukatii. Nikikwambia usishone na taa hafifu, hunitii. Nikikwambia uvae viatu bandani, hunitii. Miaka yote hii, hilo moja tu ndilo uliloona la kutii."

Fundi alitaka kulia, kikamtoka kicheko, kisha machozi yakakifuata kicheko. "Nilikuwa na hasira, mama. Nilisema moyoni, hataki kusikia, basi asisikie."

"Na mimi nilikuwa na kiburi. Hasira na kiburi vikipanga nyumba moja, wa kuumia ni ng'ombe." Akagonga kitanda kwa kiganja. "Kaa."

Fundi akakaa.

"Unajua kwa nini nilishuka kule? Harufu. Ulipofunua lile shimo ilinijia harufu ya mabua. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Tulikuwa tukitumwa kufukuza ndege shambani, tunavunja mabua ya mtama tunayatafuna kama miwa. Mengine ni matamu, mengine ni maji matupu. Yeye alikuwa akionja kwanza, likiwa tamu ananipa mimi, anasema ameshiba. Mwaka wa njaa ulipokuja, haukumwacha hai. Maisha yangu yote nimesema nauchukia mtama. Mtama ulinikosea nini? Siku ile niliamka nikasema, nitakwenda niushike, nimkatie mnyama wangu. Nikaushika. Ulikuwa laini, mwanangu. Nilifurahi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Fundi aliniambia hakujua afanye nini na mikono yake, akaanza kukunja shuka la mama mkwe, akalikunja na kulikunjua.

"Usiung'oe," Bi Ndoo akasema. "Ila kesho nipeleke. Unieleze yote, hata yale unayodhani nayajua."

Walikwenda. Niliwaona kutoka uani kwangu, mmoja mrefu, mwingine mfupi, wanasimama kila hatua chache. Fundi alimweleza habari ya sumu, ya punje, ya pumba, ya kuvuna mara mbili. Alipofika kwenye kile kipimo cha kiuno, Bi Ndoo akamkatiza.

"Kiuno cha nani? Changu au chako?"

Fundi akamtazama kimo chake. "Changu, mama. Tena tuzidishe."

"Basi huyo mtaalamu wenu angesema hivyo. Mtu mfupi atauza ng'ombe wake kwa kaburi."

Mavuno ya pili waliyangojea mpaka mtama ukawafunika wote wawili, wakaukata pamoja, wakaushindilia. Kiangazi kile, nyumba nyingi juu ya kilima ziliuza ng'ombe zikiwa bado na kitu cha kuuza. Waziri na yule mtamba walibaki, na mtamba akapata mimba, akatulia tabia kidogo.

Kwenye mkutano wa ushirika uliofuata, watu walikuwa wanamsonga Fundi kwa maswali ya mbegu. Bi Ndoo akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Kabla hamjapanda, nisikilizeni mimi," alisema. "Ng'ombe wangu nimemuua kwa mkono wangu, na nilimuua kwa mapenzi. Sikuwa mjinga, nilikuwa sijaambiwa, na sikuambiwa kwa sababu nilikataa kusikia. Ukienda nyumbani na mbegu hizi, usimwambie mmoja tu. Mwambie mume, mwambie mtoto, mwambie mgeni anayekuja kukusaidia kukata majani. Hata yule msiyeongea naye, mwambie yeye kwanza."

Bwana Kumbe alikuwa kiti cha mbele. Nilimsubiri aseme neno lake. Hakusema. Msimu uliofuata alipanda, na Bi Ndoo alikuwa akimtembelea shambani kila wiki, anasimama katikati ya mtama wake na kumuuliza, "Huu umefika wapi?" mpaka mtu mzima yule akawa anajificha akimwona anakuja.

Mimi si mfugaji. Mimi ni mnywa maziwa. Lakini nimewatazama hawa wawili kwa ukaribu, na nimeona kwamba ile adabu waliyokaa nayo miaka mingi iligharimu zaidi ya ugomvi wowote. Sasa wanagombana. Mwaka huu dalili za mvua zimekuwa njema, na Fundi akataka mahindi yarudi katika mashamba yote mawili, kwa sababu mvua ikiwepo, mahindi yana nguvu zaidi kwenye maziwa. Bi Ndoo hakutaka kusikia. Alitaka mtama mbele na nyuma.

"Mama, wewe si ndiye uliyeapa?"

"Kiapo nilikiapa mimi, nakivunja mimi. Dalili za mwezi mmoja zikuleweshe hivyo?"

"Hesabu nguvu ya chakula, mama."

"Nihesabu mawingu kwanza."

Walibishana mpaka chungu cha maziwa kikafurika jikoni, wakabishana nani alikuwa anakiangalia. Mwisho wakagawana: mahindi la mbele, mtama la nyuma, na ukanda wa mpakani kila mmoja anadai ni wake. Mvua ya kwanza ilipodondoka nilikuwa natoa nguo kambani. Wao walikuwa bado shambani, wameloa, mmoja ameshika kamba ya kupimia na mwingine mbegu, wanazozana kama mistari imenyooka au la.